Ulinipa Saa, Siku Ukampa Kaka Yako

Mama Kabula,

Umekufa. Ulikufa wodini Kahama, asubuhi, mimi nimetoka kukutafutia uji. Narudi na kikombe, nesi ananiambia nikae kwanza. Sikukaa. Tumekuzika hapa nyumbani Kagongwa, upande wa mihogo.

Sasa nakuandikia habari ya mtoto na chuo.

Unakumbuka tulivyobishana? Kabula kachaguliwa ualimu Shinyanga, wewe bado unatembea. Ulikuwa umekaa kwenye mkeka unapeta mchele, mimi nimetoka kupakia magunia mashineni, pumba mpaka masikioni. Nikasema siku ya kumpeleka tufike getini saa kumi na mbili, kabla ya watu. Ukacheka. Ukasema watu watadhani tumelala hapo nje na kuku wetu. Wewe ulitaka saa sita. Nikakuuliza kama umesahau sekondari.

Ile sekondari basi lilitufia Isaka, tukafika jioni. Vitanda vya maana vyote vimeisha. Kabula akapewa cha juu, mlangoni mwa choo, kila anayepita usiku anamwamsha. Roho iliniuma, nikashindwa kuondoka. Nikabeba matranka ya wenzake, nikagongelea dirisha lililokuwa linacheza, nikazunguka pale mpaka mwalimu akaniuliza kama mimi ndiye mlinzi mpya. Ulicheka njia nzima. Tulipofika nyumbani ukawasimulia majirani, nikawa Mlinzi mtaa mzima. Hata ulipolazwa ukaendelea. Nalala kwenye benchi nje ya wodi, wananifukuza, narudi, na wewe unawaambia manesi wamwache Mlinzi wako.

Ndiyo maana nilisema chuoni hatuchelewi. Tukaendelea kubishana hata hospitali, sauti yako imeshakuwa ndogo. Mwisho ukasema haya, tusigombane, Jumapili saa nne. Nikasema hata kama wewe utakuwa hujapona nitamfikisha mwenyewe. Ukageukia ukutani. Nilidhani ni maumivu.

Baada ya msiba Kabula akaenda Geita kwa mjomba wake, huyu kaka yako Masanja anayenunua dhahabu. Mke wake alikuwa amejifungua, anataka msaada. Tukaongea kwa simu, tukapatana tukutane getini chuoni, Jumapili, saa nne. Mimi nije na godoro. Lile ulilochagua wewe, ukawa unalibonyeza kwa kiwiko mpaka muuzaji akakasirika.

Nilipanda gari la kwanza. Nilioga mara mbili, pumba haitoki kirahisi kwenye nywele. Nilijua saa nne ndiyo saa yako, lakini nikaona nikitangulia kidogo hutakasirika. Nikakaa juu ya godoro nje ya geti. Wazazi wanashuka kwenye magari na mabegi ya matairi. Mlinzi wa pale Msukuma mwenzetu, akanisalimia mwangaluka, tukaongea habari za mvua. Akanitania kwamba nimewahi kuliko mkuu wa chuo. Akauliza jina la mtoto. Nikamtajia.

"Huyo aliletwa jana," akasema. "Alikuja na baba yake, kwenye gari jeupe."

"Baba yake ni mimi."

Akaliangalia godoro. Akaenda kumwita.

Kabula akatoka na kandambili, nywele zimesukwa upya. Akapiga goti pale pale kwenye changarawe, shikamoo baba. Nikaitikia. Nikamuuliza jana alikuja na nani. Akaanza kulia. Nilidhani ni aibu, hataki wenzake waone baba yake ni kuli. Hilo ningelimeza. Watoto wa siku hizi wako hivyo.

Akasema ni wewe uliyepanga.

Akasema ulimwita Masanja wodini siku mimi niko kazini, mkapanga, na yeye akisikia. Chuo kinapokea tangu Jumamosi. Masanja amlete Jumamosi, mimi niambiwe Jumapili. Akaniambia na maneno yako ulivyoyasema:

"Baba yako akifika pale hataondoka. Na wewe ukimwona amesimama getini, utamfuata nyumbani ukampikie."

Kumbe ulipokuwa unanipunguzia, sita mpaka nne, Masanja alikuwa ameshakuja na kuondoka. Umelala pale unabishana na mimi saa, unanicheka, na siku umeshampa mwingine.

Mimi nimekaa na wewe tangu hatuna kitanda. Ule uvimbe uliokulaza wodini ulianza kunionyesha mimi kabla ya daktari, kabla ya kaka yako. Hili ukanificha. Tena ukamtuma mtoto amdanganye baba yake, na mama yake anakufa.

Nikamuuliza kuhusu kitanda. Akasema kapata cha chini, dirishani. Godoro kanunuliwa na mjomba. Nikasema vizuri. Akashika mkono wa shati langu, akaniangalia kola, akaniangalia shingo.

"Unakula nini kule, baba? Umekonda. Ngoja nichukue tranka, twende."

Hakuwa anatania. Alishageuka anaenda kulichukua.

Hapo ulipatia. Hilo nakupa.

Nikamwita. Nikamwambia arudi ndani alale kwenye kitanda chake, tranka aliache lilipo. Akasema, baba. Nikamwambia tena, kwa sauti ambayo sijawahi kumtolea. Akaenda. Nikampa mlinzi mkono, nikajitwika godoro, nikashika njia ya stendi. Sikugeuka. Saa nne yako ilinikuta Tinde, niko ndani ya gari narudi.

Ulisema sitaondoka. Nimeondoka, tena kabla ya saa yetu.

Ungeniambia mwenyewe pale kitandani. Baba Kabula, mtoto akikuona utaondoka naye, mshushe urudi. Ningemshusha nikarudi. Kulia ningelia huko mbele, Isaka, asinione. Lakini ningekuwa nimemfikisha mimi. Hukuniuliza. Miaka yote ile ulinitania Mlinzi na mimi nacheka, kumbe mwenzangu ulikuwa unaamini.

Masanja anapiga simu, sipokei. Kabula akipiga napokea. Anasema anakula, analala vizuri. Sijamgombeza. Aliagizwa na mama yake yuko kitandani hivyo, angefanyaje? Mwenye kesi na mimi ni wewe.

Godoro liko ndani, na nailoni yake. Nimelisimamisha ukutani upande wako, sina mwingine wa kulilalia. Leo nilienda kaburini kukwambia haya kwa mdomo. Majirani wakawa wanapita, wananipa pole, nikaishia kung'oa majani. Ndiyo nimeandika.

Kwa mengine yote, mama, wabeja, nashukuru. Ulinipikia, ulinizalia, ulinichekesha. Kwa hili hapana.

Gari la mpunga linatoka Ushetu linaingia alfajiri. Kesho narudi kazini.

Baba Kabula