Pumuzi Saba na Lutuku mu Kinywa

Likasi, siku ya posho, kesho ni siku ya Mungu, mangaribi. Mvua ilinyesha asubui, kiisha jua ikatoka, sasa udongo inanukia muzuri. Kila mara ninaanza hapa ku ukurasa yangu na namba ya siku bila pombe. Leo namba sijaiandika. Nitaiandika mu mwisho.

Bale banasoma mara ya kwanza: minye ni Baba Numbi. Nilifanya kazi miaka makumi tatu mu usine, kiwanda ya shaba, ku moto, fasi vijana ba leo habawezi kusimama dakika tano. Masomo nilifika mwaka ya tatu tu, lakini mu telefone hii ninaandika mwenyewe, kwa kidole moja. Nilikunywaka lutuku, pombe kali ya mahindi, miaka arobaini, na mu ile vilevile hakuna aliyenishinda. Bamama benye kuipika balikuwa bananiletea kiloko nionje, mbele ya kuuzisha. Nikisema "hii bado", banairudisha ku moto.

Sasa ninaendaka kwa Masela, mutawa wa parokia, anasaidia batu ba kuacha pombe. Kila juma, siku ya ine, tunaikala ku banki ya mbao mu sale, chumba kubwa ya parokia, macho ya kufunga, anapiga kengele ndogo. Tunafwata pumuzi kwa pua, inaingia, inatoka. Kiu ikikuja, hatupigane nayo. Tunaisalimia: "Kiu, nimekuona." Kiisha tunarudia ku pumuzi. Mwanzo nilicheka. Mwanaume wa moto kuhesabu pumuzi sawa mutoto iko na homa? Lakini sasa kati ya bote minye njo ninanyamaza kushinda. Masela anasema siyo mashindano. Anasema vile juu hajashindaka.

Tena anatupatia ulizo ya kujiuliza kila mangaribi, na kuandika jibu hapa bila kuitengeneza. Ya juma hii ni: "Leo nilimuficha nani kintu?"

Njo sababu kidole iko nzito.

Leo bakwe balitoka Kamatanda kuleta mali ya kuoa binti yangu wa mwisho, Numbi. Kijana ni Kasongo, anauzisha kamba na tochi kwa bachimbaji. Mutoto muzuri, sauti ya chini. Jamaa yake ni batu ba maombi, ba kufunga chakula na kuimba mpaka sauti inakauka. Pombe habaigusake.

Kwetu iko desturi. Mali ikisha kupokelewa, baba anakamata kopo na anauliza binti mbele ya bote: "Nikunywe?" Binti akisema "kunywa, baba," amekubali bwana yake. Baba anakunywa, bukwe inafungwa. Baba akirudisha kopo, amerudisha mukwe.

Juma mbili nzima bibi yangu alinisemesha. "Tuma neno Kamatanda, baba. Sema umeacha. Balete Fanta, bukwe itafungwa na Fanta." Dada yangu Ngoie alisema anaweza kukunywa fasi yangu, kwani shangazi si ni baba mwanamuke? Masela naye alisema vile, pole pole, sawa muntu anapita karibu na mbwa ya kulala.

Nilikatalia bote batatu. Minye kuomba bakwe ruhusa? Bayue baba ya Numbi anaikalaka na bagonjwa mu sale ya parokia? Niliwaza: nitakamata kopo, nitagusisha mudomo tu, nitairudisha chini. Muntu alisimama ku moto miaka makumi tatu, ataogopa kopo?

Nilikuwa muoga.

Mali ilihesabiwa, nguo ya mama ikafunguliwa, batu bakafurahi. Kiisha baba ya Kasongo akatosha chupa mu mufuko, ameifunga muzuri mu kitambaa cheupe. "Baba Numbi," alisema, "sisi hatukunywake. Lakini tuliuliza mu Likasi, bote banasema ulimi yako haidanganywe. Tulitafuta siku tatu mama mwenye kuipika kushinda bengine. Ukikuta ni mubaya, utatusamehe. Hatukuweza kuonja."

Batu bakacheka. Minye nilicheka kushinda bote.

Siku tatu. Batu ba Mungu balitembea mu vichochoro bakiulizia lutuku, juu ya heshima yangu. Neno moja tu ingetosha kubaokoa na ile haya.

Numbi akapiga magoti na kopo. Harufu ilinifikia mbele ya mukono yake. Mahindi ya kuota, moshi, na ile kintu ya chuma inatokaka mu bomba. Mikono yangu iliipokea sawa mutoto wa kwetu alipotea, sasa amerudia.

"Nikunywe?"

Numbi akanyamaza.

Mama ya Kasongo alikuwa anajipepea, akaacha. Kasongo akaangalia viatu vyake. Masikini, aliwaza ni yeye anakataliwa. Lakini Numbi hakumuangalia Kasongo hata kiloko. Aliangalia kopo. Ni hapo akili yangu ilifunguka, saa tayari imepita. Akisema kunywa, baba yake anarudia kule alitoka. Akisema hapana, bwana yake anarudia Kamatanda na mali yote. Minye njo nilimuweka kati, minye na kiburi yangu, siku yake moja tu ya kufurahi.

Nikauliza tena, juu desturi inataka jibu.

"Baba," alisema, "weye unayua."

Ngoie akapiga kigelegele mbio mbio, ile jibu isibaki uchi. Nikapeleka kopo ku mudomo. Nilisema nitagusisha tu. Nikajaza kinywa.

Sikiliza sasa, Masela, kama unasoma. Nilifunga macho nikafwata pumuzi kwa pua, sawa ulinifundisha. Lakini weye haukuambiwaka kintu moja: lutuku ikiwa mu kinywa, na weye unavuta kwa pua, njo inaamuka yote. Pumuzi ya kwanza, moto ilipanda mpaka mu macho. Ya pili, niliona uwa ya nyuma ya nyumba ya mama mumoja, kule tulikuwa tunapita tukitoka kazi, nguo ingali inanuka asidi. Ya tatu, rafiki yangu Banza iko pale, anaikala ku tofali yake, miguu ya kunyoosha, anasema: "Mwanaume, ulichelewa." Banza alikufa, sasa ni zamani. Ya ine, alisogea kunipa fasi.

Nilitaka kuikala. Mungu anisamehe, nilitaka kuikala na Banza kushinda kintu yote nilitakaka mu dunia hii.

Nikasema mu roho: kiu, nimekuona. Ya tano. Kiu, nimekuona. Ya sita. Ikanijibu na sauti ya Banza, kwamba minye vilevile nakuona, kunywa. Ya saba, nikafungua macho, na Numbi alikuwa palepale ku magoti, machozi inasimama bila kuanguka.

Nikairusha yote inje, kwa nguvu, pffff, sawa bomba ya maji ilipasuka. Ilianguka ku mikono ya Numbi na ku viatu vya Kasongo.

Mama ya Kasongo akaangalia bwana yake.

Kiisha baba ya Kasongo akasimama, akapiga mikono. "Muliona? Ile njo baraka ya bakubwa ba zamani! Hakuikunywa yeye mwenyewe, ameigawia batoto!" Bote bakapiga mikono. Kasongo akacheka mpaka akafuta macho. Balinisifu, balinishika mukono mumoja mumoja, na minye nilikubali sifa, nikainamisha hata kichwa kiloko, sawa mufalme.

Ngoie alikuja karibu na sikio yangu. "Kaka, ile desturi uliitosha wapi? Kwa babu yetu sikuionaka."

"Weye ulikuwa mutoto," nikamujibu.

"Tumepitana miaka mbili," alisema, akaenda kugawa Fanta.

Mbele ya kuenda kusindikiza bakwe, Numbi alinifwata ku mulango. Aliuliza neno moja tu. "Ulimeza?"

"Hapana," nilisema. Akanikumbatia. Nguo yake ilinukia ile kintu, na minye nilivuta pumuzi ndefu, tena ndefu.

Sasa niko peke yangu ku kiti. Kutoka saa sita sijaweka kintu mu kinywa. Bukari, ugali ya karamu, sikula. Chai bibi yangu alileta, nikaiacha ikapoa. Akaleta ingine. Ile nayo ikapoa. Aliniangalia murefu, miaka arobaini na tano ananiangaliaka, akaenda, akarudia na kopo ya maji ya baridi. Akaiweka ku mukono yangu wa kuume. "Maji iko hapa," alisema.

Ameyua. Ninachunga ladha. Ingali iko, chini ya ulimi, ku meno ya nyuma, kiloko sana, sawa muntu anaimba ngambo ingine ya muto. Nikila itaenda. Nikikunywa chai itaenda. Na Banza ataenda nayo.

Leo nilimuficha nani kintu? Bakwe, nilibaficha mugonjwa. Masela nilimuficha woga. Bibi yangu ninajaribu, sijaweza. Lakini iko mumoja nilimuficha mbele ya macho yake, na ukurasa hii anaisomaka kila juma, hata kama anasema haisomake.

Numbi, nilimeza.

Haikuwa yote. Ni ile ilishuka mbele ya pumuzi ya kwanza, labda kijiko moja. Sikuteleza. Koo ilifunguka, na minye nikaiachia. Baraka haikuwa baraka. Baba yako alikuwa anapigana, na alishinda kiloko tu. Kesho kiisha ya misa nitakwenda Kamatanda na miguu yangu, nitaambia baba ya Kasongo. Akicheka, acheke.

Hapa niliacha kuandika kwanza, nikakamata kopo ya bibi yangu. Nikasukutua kinywa mara tatu, nikatema ku udongo, karibu na mulango. Maji ilikuwa baridi. Haikuwa na ladha ya kintu.

Kwaheri, Banza. Ikala muzuri.

Namba, sasa. Ilipaswa kuwa sitini na ine. Ninaandika: siku ya kwanza.

Ni mara ya ine ninaiandika. Kwa kuanza, mu Likasi hakuna muntu wa kunishinda.