Meza Kumi na Mbili za Jikoni

Muscat
Ijumaa, baada ya swala

Mama yangu,

Shikamoo. Naandika nikikuona umekaa upande ule wa baraza usiopigwa na jua, miguu umeinyoosha, unasubiri kusomewa. Goti je? Na jicho la kushoto, ile dawa ya matone unaitia au umeisahau kabatini? Mimi mzima, namshukuru Mungu. Joto ni lile lile, ukitoka nje unadhani umefunua chungu. Jiko langu linakwenda. Tulianza wawili na karai moja, sasa tuko sita, na Ijumaa hatupiki mpaka alasiri, ndiyo maana nimepata nafasi.

Naandika kwa sababu kwenye simu tumeshindwa. Mara tatu umeniuliza, mara tatu wewe umelia na mimi nimekata. Unataka nikwambie kama kaka Jumaa aingie nyumbani au aendelee kulala kwenye banda. Umesema nyumba ni jasho langu, huwezi kumvusha kizingiti bila kauli yangu. Basi kauli yangu ninayo, lakini nivumilie nianzie mbali.

Unakumbuka banda letu la video? Makuti juu, magunia ubavuni, benchi nane. Mimi mlangoni nikihesabu vichwa: benchi moja watu wanane, kwa hiyo sitini na nne banda limejaa, sabini na mbili ni ugomvi. Baba nje, analinda jenereta kama mtu anayelinda ng'ombe wa kuzaa. Na kaka mbele, kipaza sauti mkononi, anatutafsiria. Kiingereza chake tunakijua sote, kiliishia darasa la saba, na lenyewe alikuwa akilitoroka kwenda kuchuma machungwa. Lakini akishika kipaza sauti, mzungu wa kwenye picha anasema kama mtu wa kwetu Maramba. "Huyu bwana anasema hataki mikate yenu, anataka bada na mchuzi wa papa!" Watu hoi. Mpaka leo nikisonga bada hapa, kwa unga wa mhogo unaonifikia kwa taabu, naisikia sauti ile.

Ile picha ya jamaa aliyerudi kwao utaikumbuka, maana siku hiyo hata wewe uliingia, ukakaa benchi ya mwisho, kanga ukailowesha. Mtu kawaharibia ndugu zake, kapotea miaka, sasa anarudi kwenye mji wao mdogo na begi moja, anataka kuanza upya. Anasimama mlangoni kwa dada yake, mvua inamnyeshea. Dada anafungua kidogo, anasema maneno mawili matatu, anafunga. Kaka akasema polepole, "Dada anamwambia, Ushakula? Ngoja nikupakulie." Mara tunamwona jamaa anakula, kainamia sahani, machozi yanamdondoka.

Nilikuwa na miaka kumi na minne na hesabu zangu. Tulipotoka nikamuuliza, "Kaka, mbona jikoni kwa yule dada kuna meza kumi na mbili?"

"Kwao ndugu wengi," akanijibu. "Wewe ulikwenda kutazama picha au kuhesabu fanicha?"

Ndiye huyo huyo, mama, aliyekuja kubeba televisheni na jenereta, akasema anavipeleka Tanga kutengenezwa, Jumatatu atarudi. Televisheni kweli ilikuwa ikitetemesha picha. Jenereta haikuwa na ugonjwa wowote. Baba aliliona hilo, akaona haya kuuliza. Akawa kila Jumatatu anapangusa benchi zote nane, anatoa kiti chake, anatazama njia ya kwenda mjini. Jumatatu kumi na saba, ndipo akalala asiinuke. Nani aliyekuwa akimgeuza kitandani? Mimi. Maziko yakafanywa na majirani, mtoto wa kiume hayupo. Nikaja huku, nikapika kwenye nyumba za watu mpaka mabati arobaini na mawili yakapanda juu ya kichwa chako, na hakuna aliyenisaidia hata msumari. Kaka anatokea baada ya miaka kumi na moja, amekonda, na begi moja. Jibu langu lilikuwa hapana. Nilikwisha kuliandika kichwani, halina hata mstari wa kufuta.

Ijumaa iliyopita mmoja wa ninaopika nao akafungulia picha kwenye televisheni ya chumbani. Nikaijua kabla sijakaa. Mvua, begi, mlango. Chini ina maandishi ya Kiarabu, na Kiarabu sasa nakisoma, miaka tisa si mchezo. Nikamwambia mwenzangu, "Tazama sasa, dada atamuuliza kama ameshakula."

Hakuuliza, mama. Alisema, "Hapa hujulikani. Rudi ulikotoka." Akafunga. Jamaa akaenda kula mkahawani, peke yake, akapanda basi, akaenda kuanza upya kwa watu baki. Meza kumi na mbili, nikazihesabu tena. Zote za mkahawa.

Nilicheka mpaka mwenzangu akanishika mkono. Watu sitini na nne tulidanganywa mchana kweupe! Kisha kicheko kikaniishia. Kaka hakujua yule mwanamke anasema nini. Alichoona ni mlango unafungwa. Angeweza kumtia mdomoni neno lolote. Akamtia lako, unalomwambia kila anayepiga hodi kwako, hata aliyekuja kugombana.

Hapo ndipo nikaielewa habari ya ile barua yangu ya mwezi uliopita. Ulisema kaka alikusomea pale barazani, ukalia kwa maneno mazuri niliyokuandikia. Mama, mle niliandika rangi ya madirisha na dawa ya mchwa. Basi.

Sijamsamehe yote, nisiseme uongo. Kwanza aende kaburini kwa baba, apalilie, amweleze mwenyewe habari ya Jumatatu. Nasikia benchi zimebaki tano na anazigongagonga. Azifikishe nane. Chumba cha kushoto kina kitanda, godoro umeliweka juu ya kabati, litolewe lianikwe.

Nisalimie shangazi, mwambie mkono wake wa bada sijaupata bado. Msalimie jirani aliyemchimbia baba kaburi, nimempelekea shuka, na Bi Zaina aliyeniletea unga wa mhogo na sasa anakuletea barua hii. Mwalimu wa madrasa naye apate salamu zangu, yeye ndiye aliyenifundisha zile herufi zilizonifaa Ijumaa.

Kaka Jumaa, najua ni wewe unayesoma, na umekaa nje ya kizingiti. Yote uliyoyasoma juu umeyasoma kama yalivyo, au umeruka? Rudi ukayasome, hasa ya baba. Na haya ya mwisho usiyatafsiri, usiyapambe, yasome kwa sauti kama nilivyoyaandika mimi.

Mama, mfungulie. Halafu muulize kama ameshakula.

Ni mimi mwanao, mhesabu vichwa wa mlangoni,
Mwanahamisi