Kinachobaki Mkononi

Nyumbani kwa Bibi Hedwig, Austria
4 Februari 2016

Wifi yangu Saveta,

Salamu nyingi. U mzima? Mgongo je? Mimi mzima, mikono tu imepasuka kwa maji na sabuni. Barua naiacha kwenye bati la mkate, maana wewe ukishuka kwenye basi dogo mimi napanda, na yule dereva hatupi nafasi hata ya kukumbatiana.

Bibi hajambo. Supu yake iwe vuguvugu. Usiku akimwita dada yake, itika tu, atalala.

Sasa nina ugomvi na wewe. Uliponishawishi nije kulea wazee ulisema: "Euro sitini na tano kwa siku, Doina! Elfu moja na mia nane kwa zamu ya wiki nne!" Nimekaa nikatoa pesa ya wakala wa kazi, ya mhasibu, nauli ya kuja na kurudi Rumania, na bima, ambayo wanakata hata mwezi ninaokaa nyumbani bila senti. Kilichobaki nikakigawa kwa miezi miwili. Mia tano na tisini, wifi! Kule kwenye kiwanda cha mkate nilipata mia tatu kila mwezi, na usiku nalala na mwanangu. Bosi ananishikia nafasi mpaka Pasaka. Niambie ukweli, nirudi?

Wako,
Mama Ilinca


Kwa Bibi Hedwig
3 Machi 2016

Mama Ilinca,

Barua yako nimeikuta inanukia mkate. Mimi na bibi yetu tumeamka salama. Mgongo usiuulize. Natumai na wewe umefika salama, na zile plasta nilizokuachia uzitumie, usizitunze kama vyombo vya wageni.

Hesabu yako ni sawa, na ulimi wako mkali kama kawaida. Sikukudanganya, mimi nilitaja jumla, wewe ukasikia kinachobaki. Shukuru kodi yenyewe haitugusi, tumepita chini yake kwa umaskini wetu. Na usisahau cheo! Kwenye karatasi zao sisi si watumishi, ni wafanyabiashara. Nimemwambia kaka yangu Pavel amheshimu mkewe, ana kampuni.

Lakini ile tofauti ndiyo inayonunua kuni zenu. Na ukiondoka wataniletea mgeni, zamu zivurugike. Sasa hivi wewe ukiwa huku, mimi niko na mtoto. Nikija mimi, uko wewe. Hakosi mwanamke ndani ya nyumba. Januari aliniita mama, nikamkemea: "Mimi shangazi. Mama yuko kazini." Achana na mkate, wifi. Kaa.

Wifi yako,
Saveta


Nyumbani kwa marehemu Bibi Hedwig
1 Julai 2016

Wifi,

Hamjambo huko? Barua nampa dereva. Simu sipigi kwa sababu nitalia na Ilinca atasikia.

Bibi amefariki juzi asubuhi nikimchana nywele. Nilimaliza kuzichana, sikujua nifanye nini kingine. Mwanawe kalia, kanishukuru, kisha kanilipa mpaka siku ile, na siku yenyewe kaikata nusu kwa sababu mama yake hakufika mchana.

Nikamuuliza wakala kama kuna chochote cha kutusukuma mpaka tupate kazi nyingine. Akacheka. "Wewe ni mfanyabiashara, mama. Nani amlipe mfanyabiashara?" Bima lakini inaendelea kukata mpaka tuseme leseni zetu za biashara zilale, yaani zisimame kwa muda. Kiwandani wameshamwajiri mtu.

Wakala ana nafasi moja tu, Tirol, hukuhuku Austria, kwa mzee aliyepooza. Haina zamu, ni moja kwa moja. Kazi inaanza Ijumaa ijayo. Pavel anasema tufanye tunavyoona. Uende wewe au mimi?

Mama Ilinca


Bocșa, Rumania
3 Julai 2016

Mama Ilinca,

Pole sana. Na mimi nimemlilia bibi, mtoto akanifuta kwa aproni.

Ningekwenda mimi. Lakini asubuhi Pavel ndiye aliyenivalisha soksi. Mzee aliyepooza nitamgeuzaje? Leseni yangu nimeomba ilazwe. Wanasema hivyohivyo, ilazwe, kama mtoto mchanga.

Nenda wewe. Septemba Ilinca anaanza shule, uje umshike mkono. Nimemwahidi.

Wifi yako,
Saveta


Bocșa
20 Septemba 2016

Mama Ilinca,

Hujambo? Mzee anakusumbua? Sisi tuko salama, pesa tumepata, kuni zimejaa mpaka dirishani.

Tulikungoja basi la Jumamosi, tukangoja na la Jumapili. Shule nimempeleka mimi. Alibeba maua ya mwalimu, akayashika kichwa chini njia nzima. Mwalimu akaja akanishika mkono: "Karibu, mama Ilinca." Nilifungua mdomo nimsahihishe. Mtoto akanitazama, nikaufunga. Nisamehe. Njoo Krismasi, hata siku tatu.

Wifi yako,
Saveta


Tirol
29 Novemba 2016

Mpendwa Mama Ilinca,

Habari za huko? Mgongo umepoa? Mimi mzima. Theluji imefika madirishani, na mzee hataki kulishwa na mtu mwingine.

Usishtuke nilivyokuita. Jumapili nilipiga simu akapokea Ilinca. Nikasema, "Ni mama." Akasema, "Mama yuko nje anaanika nguo. Nimwite?" Hakuwa na kisirani, alisema kwa adabu kabisa. Nikasema mwite. Ulipofika nikakuuliza bei ya viazi, unakumbuka?

Nimelia siku mbili. Leo nimepiga hesabu upya na kwa mara ya kwanza imekaa sawa. Nauli silipi. Mwezi wa kukaa bure sina. Bima inakata mwezi ambao kweli nimefanya kazi. Zile elfu moja na mia nane ulizonihubiria zipo, wifi, karibu zote zinabaki mkononi. Kinachoziharibu ni mimi kuja nyumbani. Siku tatu hazipo, wakala hatoi mbadala chini ya wiki mbili, na wiki mbili za Krismasi ni mia tisa na kumi, nauli juu yake, na nikirudi nitamkuta mlezi mwingine kando ya kitanda cha mzee.

Siji.

Usimkemee tena. Mnunulie buti nzuri za theluji, zenye manyoya ndani. Miguu yake ilikuwa namba ishirini na nane. Sasa sijui, wewe ndiye unayejua.

Wifi yako,
Doina