Makelele mu Ordinateur ya Kakule

Kakule, mujukuu wangu, bwana yangu,

Hauna haya? Tangu tulikuzika, mu ndoto yangu haukuye hata mara moja. Kwa mama yako mukubwa ulienda. Kwa jirani, ule hakukupikiaka hata kiazi, ulienda. Kwangu miye, niliyekubeba mugongoni, hapana. Na ninalala mapema juu yako! Dada yako Masika ndiye anaandika, miye ninasema tu, juu kalamu na miye hatukujuanaka. Analia. Nimemwambia apanguse macho, karatasi ni moja.

Sikia. Kisha bale batu bakukatia maisha mu njia ya Kasindi, tulikimbia, tukaacha nyumba yetu ya Bungulu, tukakuya Butembo kwa shangazi yako. Nguo zangu nilisahau. Ordinateur yako, ile kompyuta, nilifunga mugongoni na kitenge, kama mutoto. Mule ndani mulikuwa wimbo ulitungia arusi ya Masika, sauti yako peke, na kwaya ilikuwa haiyaujua bado. Spika zilikufaka, unajua, donc ni écouteurs za kuweka mu masikio tu. Tukaweka mu tundu: vvvvvv! Nyuki mu mutungi. Na weye mbali kule nyuma, hata neno moja hatushiki. Arusi ilikuwa karibu. Batoto ba kwaya bakaniambia miye nyanya yabo, "Mukaka, tuimbe ingine." Ingine ya nani?

Nikaanza kutafuta. Nilipuliza ile tundu. Nilisafisha na unyoya ya kuku. Shangazi akaazima écouteurs ya jirani: vvvvv ileile. Donc ni machine. Tukaita technicien, fundi wa machine, akachomoa waya ya chargeur: kimya! Nikamukumbatia. Pale pale machine ikazimika, juu batterie yako ilikufaka zamani. Akarudisha waya, nyuki bakarudi. Akasema makelele inapita mu waya ya courant, ya umeme. Sasa miye nikataka kujua: inatoka wapi, inaenda wapi, inatafuta nini mu masikio yangu?

Siku moja nilitoka ku shamba, matope ku miguu, nikaweka mukono pale pa chuma, pembeni ya tundu. Makelele ikashuka. Nikatoa mukono, ikapanda. Nikavaa kandambili, nikagusa: haishuki. Nikavua: inashuka! Inanitekenya kidogo ku vidole. Kakule, nilicheka peke yangu kama mwenda wazimu. Technicien naye akacheka, akasema ile makelele inatafuta udongo, na miye niko njia yake. Miye, njia!

Basi kwaya ilijifunza wimbo wako mu kiwanja, miye mukono ku machine kama muzalisha ku tumbo, beye banapokezana écouteurs. "Mukaka, usiondoke!" "Mukaka, usikohoe!" Hata ku choo sikuenda.

Na miye nikasikiliza. Unaimba, kisha unaachia katikati, unapiga kelele, na lile jina uliniitaka kwa utani: "Muke wangu, punguza basi sufuria, ninarekodi!" Na sufuria inalia mule mule. Ni miye. Miye na weye, jikoni ya Bungulu, na hapana hata nyuki moja kati yetu. Nilikaa pale... Masika, andika tu.

Mais ubeti wa tatu haukuweka maneno. Unaimba la-la-la, unasema, "Haya nitatafuta nikirudi." Arusi ilifika, kwaya ikaimba vile vile, la-la-la, batu bote bakasimama kucheza. Sasa hata bamama ba soko banaimba la-la-la, banafikiri ndiyo wimbo. Hapana. Miye ninajua haiyaisha.

Lala muzuri, bwana yangu. Hiyo machine hapana mutu ataiuza miye nikiwa na pumzi. Na kwa bakwe ba Masika nitaendaka kuangalia kama anakula, bapende basipende.

Ukikuya, usiniletee salamu za bazee, ziko mingi. Leta maneno ya ubeti wa tatu. Na uyaimbe pole pole, ukirudia, juu miye nitayashika na kichwa tu.