Kamshafti Uliyonificha

Kaka,

Huku tuko hai, na paa la gereji linavuja. Salamu zimeishia hapo.

Nilipokuwa natengeneza kabureta ya gari la mashindano la Baba, injini ilitetemeka gari likiwa limesimama, na mshale wa kipimo cha mvuto wa hewa ulikuwa chini. Nilitafuta panapovuja, nikabadilisha gasketi, nikarekebisha taimingi ya cheche. Wapi! Nikakupigia simu: "Kabla hujasafiri, uligusa kitu ndani ya injini?"

Ukacheka. "Sijagusa kitu, mdogo wangu. Ni hiyo kabureta yako."

Nikakuamini, nikaendelea kuhangaika nayo. Asubuhi Baba akalitoa gari kulijaribu. Breki zake hulainishwa na mvuto huohuo wa injini. Alipokanyaga, pedali ilikuwa ngumu kama jiwe. Ukuta ndio uliomsimamisha. Amevunjika mguu.

Jana nimeifungua injini, nikaikuta ile kamshafti ya mbio uliyokuwa ukiililia, umeifunga kwa siri. Kamshafti kali namna ile huziacha vali wazi muda mrefu, ikaua mvuto injini ikizunguka polepole, na wewe unalijua hilo vizuri kuliko mimi.

Baba amelala chumba cha mbele. Kila mgeni akija, Baba humwambia, "Binti yangu alikosea kabureta, lakini msimlaumu, bado anajifunza." Ananitetea, kaka! Kwa kosa lako! Nami nakaa pale nikimimina chai, nimeuma meno.

Mpigie leo umwambie mwenyewe. Ukikaa kimya nitamwambia mimi, na sitachagua maneno.

Mdogo wako,
fundi asiyejua kabureta