Chupa Kumi na Nane za Ulanzi

Ensenada, Mexico
Jumamosi, 1 Machi 2025

Baba yangu mpendwa,

Kamwene. Shikamoo. Kabla ya lolote nataka kujua kifua kinaendeleaje, na kama ile dawa ya kikohozi unaimeza au unaitazama tu pale dirishani. Mimi mzima, ila usingizi umenikataa, maana ninyi mkiamka ndiyo sisi tunakwenda kulala.

Tumefika salama, walimu sita wa utalii kutoka vyuo mbalimbali, na kutoka Mbeya niko peke yangu. Mwezi mzima tutazungushwa kwenye bonde linaloitwa Valle de Guadalupe, tuone wenzetu wanavyowapitisha wageni kwenye mashamba ya mizabibu. Baba, watu wanatoka mbali kuja kutazama pombe ya wenzao ikitengenezwa. Wanaelezwa babu wa mwenye shamba alipanda nini, wanaonja, wanapiga picha, wanaondoka na chupa. Nikajiuliza, sisi tuna mianzi inayotoa ulanzi tangu enzi za babu na hatujawahi kumwonyesha mtu.

Ndiyo maana narudia ombi langu la Krismasi. Usimruhusu kaka Jofrey ang'oe ile mianzi apande parachichi. Ulisema unanipa mpaka Pasaka nilete hoja ya maana. Nitakuwa nimerudi kabla, lakini naogopa nitakuta mashimo. Kaka na mimi hatujasemeshana tangu siku ile ya ugomvi, kwa hiyo siwezi kumwomba mwenyewe.

Niandikie kama kawaida, Mwalimu Bertha wa hapo kijijini ataipiga picha barua na kunitumia kwa simu yake. Najua wewe simu hutaki hata kuisogeza sikioni.

Mwanao,
Faustina


Kalenga
Jumatano, 5 Machi

Kwako Faustina, jina la mama yangu,

Marahaba, kamwene sana. Kifua kipo, kimezeeka pamoja na mwenyewe. Dawa nameza. Mwalimu Bertha alinisomea barua yako mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa nacheka. Watu wazima wanapanda ndege kwenda kutazama pombe? Hapa mtu akitembea kilomita mbili kufuata pombe tunamsema mpaka kwenye jumuiya.

Mvua imeshika na machipukizi ni mengi. Nakata ncha asubuhi, nakata jioni, na kila mbeta niliyoning'iniza kukinga ulanzi inajaa mpaka inamwagika. Unajua mwenyewe, mwanzi ukishauanza huna ruhusa ya kuugua. Ukiuacha siku mbili bila kuukata, kidonda kinakauka na msimu wako umekwisha. Kwa hiyo siugui.

Jofrey alikuja Jumapili kutoka Igawa na miche kumi ya parachichi nyuma ya pikipiki. Ameipanga uani, anaimwagilia kama mtoto wa kufikia anayetafuta kupendwa. Usimchukie kaka yako. Anasema biashara ya mchele barabarani imemchosha, anataka kurudi nyumbani alime. Anasema tena kwamba ulanzi ukikaa siku tatu umegeuka, hauwezi kufika hata Dodoma, na kitu kisichoweza kusafiri hakiwezi kulea ukoo. Kama huko kuna jibu, lete.

Vaa sweta.

Baba yako,
Liberatus


Valle de Guadalupe
Jumapili, 9 Machi

Baba mpendwa,

Kamwene. Nimefurahi kwamba dawa unameza, ingawa siamini sana. Sweta nimevaa, huku asubuhi kuna baridi kama ya kwetu mwezi wa sita.

Jana nimeona kitu kikanitoa machozi. Walikuwa wanapogoa mizabibu, na kila walipokata, maji yalidondoka kutoka kwenye kidonda, tone baada ya tone. Nikapiga ukelele kwa Kihehe bila kujijua. Mzee Ramón, anayetuongoza, akaniuliza nina nini, nikamwambia baba yangu huyakinga maji ya namna hii akayanywa. Akasema hao wa kwao hawayakingi, yanamwagika tu chini. Nilijua utawasikitikia.

Ametueleza historia yao yote. Mizabibu ililetwa na Wahispania, mapadre wakahitaji divai ya misa. Ilipostawi, mfalme wa Hispania akaona divai yake itakosa wanunuzi, akapiga marufuku watu wa Mexico kupanda mizabibu mipya. Mapadre hawakuacha. Katika bonde hili misheni ilikuja baadaye sana, mwaka 1834, nayo haikudumu. Kisha wakaja Warusi waliokimbia kwao kwa sababu ya imani yao, wakalima ngano na mizabibu papa hapa. Yaani kila mara kuna mtu aliyetaka ing'olewe na kuna mtu aliyepanda tena. Mimi nilikuwa nasikiliza nikimwona Jofrey na jembe.

Sasa sikiliza, jibu la Jofrey nimelipata, ni chupa. Nimeona divai yenye povu imezibwa kwa kizibo cha gome, juu imefungwa waya, na imekaa hivyo miaka. Nimezungumza na Bi Juliana, yule mwenye nyumba ya wageni pale Iringa mjini. Atakuja nyumbani Jumamosi ya tarehe 22 aonje ulanzi wa chupa, na akiupenda atawaletea wageni wake. Tafadhali jaza chupa ulanzi mtamu wa siku hiyohiyo. Zioshe, ziba kwa nguvu, funga waya. Magunzi yaache, baba. Mgeni hawezi kupewa chupa iliyozibwa na gunzi la mahindi. Pasiwe na nafasi hata ya hewa kupita.

Mwanao,
Faustina


Kalenga
Jumatatu, 17 Machi

Kwako Faustina,

Kamwene mama. Mimi mzima, na leo nimekohoa mara mbili tu, nimehesabu kwa ajili yako.

Hao watu wanaoacha maji yamwagike chini waambie nimesikitika. Ila huyo mfalme simshangai. Mwenye pombe yake hapendi ya jirani.

Habari ya chupa nimeisikia. Mwalimu Bertha ameniletea kumi na nane kutoka mjini, na vizibo vyake. Waya nimeukata kwenye uzio wa kuku. Hapo kwenye kuziba nilisimama kidogo, nisikufiche. Baba yangu alinifundisha kuziba kwa gunzi, tena kwa kulegeza, kwa sababu ulanzi unaendelea kuchemka wenyewe na lazima upumue. Hata wanaousafirisha kwa madumu hutoboa kifuniko. Lakini wewe umeona kwa macho yako na mimi nimeona Kalenga tu. Nimekusomesha ili uje kuniambia nisiyoyajua, sasa nikikataa kusikia nitakuwa nimepoteza ada.

Alhamisi nitajaza. Nitazipanga chumbani kwako chini ya kitanda, pana ubaridi.

Mwalimu Bertha anakwenda Mlandege kesho, binti yake amejifungua. Atakaa huko siku kumi, kwa hiyo usishtuke ukiona kimya.

Baba yako,
Liberatus


Valle de Guadalupe
Jumatano, 19 Machi

Baba,

Usizibe. Kama hujazijaza acha, na kama umeshajaza usiziguse kabisa, funga mlango wa chumba na mtu yeyote asiingie.

Leo tumeshushwa kwenye ghala lao la chini ya ardhi. Mzee Ramón amekunja shati akatuonyesha mkono wake, una kovu kutoka kiwiko mpaka kiganja. Chupa. Anasema divai inafungwa ikiwa imekwisha kuchemka. Ile yenye povu hupimiwa sukari na kuwekwa kwenye chupa nene za kazi hiyo, na hata hivyo wanaozishughulikia huvaa kinga ya uso, maana zikipasuka zinaruka kama risasi. Wewe una chupa za kawaida na ulanzi wa siku hiyohiyo. Mimi nimezaliwa kwenye ulanzi, nimebebeshwa madumu yenye tundu tangu darasa la pili, na nikakuandikia pasiwe na nafasi ya hewa kupita. Nilitaka tu tupendeze mbele ya Bi Juliana.

Simu ya Mwalimu Bertha haipatikani. Kwenu ni karibu kupambazuka Alhamisi. Hivi ninavyoandika unajifunga buti uende kwenye mianzi.

Faustina


Ensenada
Ijumaa, 21 Machi

Baba,

Najua barua hii haikufikii. Naandika kwa sababu siwezi kukaa bure.

Nimempigia Jofrey mara kumi na moja, hapokei. Ana haki, tuliyoambiana Krismasi si ya kusahaulika upesi. Nimemwandikia ujumbe: "Kaka, nimekosea, nimemdanganya baba, chupa zitampasukia, nakuomba uende nyumbani leo." Sijawahi kumwambia Jofrey nimekosea tangu tuzaliwe. Alama zinaonyesha ameusoma. Hajajibu.

Tafadhali usiende chumbani kwangu.

Faustina


Ensenada
Jumatatu, 24 Machi

Baba,

Jumamosi imepita, Jumapili imepita. Bi Juliana hapokei simu. Nimekwenda kanisani hapa, misa ni ya Kihispania, na padre alipoinua kikombe cha divai nilitoka nje.

Sitaki tena kujua habari za mianzi. Jofrey aing'oe yote, apande parachichi mpaka mlangoni. Mtu mmoja tu aniandikie neno moja kwamba u mzima.

Mwanao


Kalenga
Jumamosi, 29 Machi

Kwako Faustina,

Kamwene. Baba anasema nianze kwa kukuambia kwamba yu hai na amekula. Anayeandika ni mimi Jofrey, yeye anasema na mimi naandika kama anavyosema, hata anaponitukana. Mwalimu Bertha amerudi leo na simu yake, iliyokuwa imezimika tangu aondoke, ndiyo tumezisoma barua zako zote tatu kwa pamoja. Kutoka hapa ni maneno ya baba.

Mama, nilijaza Alhamisi, nikaziba, nikafunga waya. Jumamosi asubuhi natoka kukata ncha, nikasikia mlio chumbani kwako, nikadhani panya wameangusha kitu. Nikasikia wa pili. Hapo nikajua. Tena nikuambie ukweli, nilijua tangu Alhamisi. Nilikaa na chupa hizo siku mbili kama mtu aliyelaza nyoka ndani, nikisema mwanangu amesoma, hawezi kunikosesha. Sasa Bi Juliana yuko njiani. Nikaingia nilegeze waya kidogo kwenye kila moja, hewa itoke, na wewe usijue kwamba sikukufuata. Ya tatu ikanipasukia mkononi.

Jicho halikuguswa, usilie. Mkono wa kulia ndio umeumia. Wameushona vizuri, lakini daktari amesema kidole cha shahada na cha kati havitakunjika tena. Nikamuuliza kisu nitakishikaje, akasema mzee umegema ya kutosha. Kijana mdogo tu.

Bi Juliana alinikuta nimekaa mlangoni na kitambaa. Ni mama mwema, alinipeleka hospitali mwenyewe, na viti vya gari lake sasa vinanuka ulanzi. Hajarudi wala simlaumu. Nilikataza mtu yeyote asikuambie mpaka niweze kusema mwenyewe. Sikujua kwamba unajua na unateseka. Hilo ndilo kosa langu katika haya, mengine tugawane. Wewe uliagiza bila kufikiri, mimi nilitii huku nikijua. Tena ukiniandikia jambo la ulanzi, uliza kwanza, na mimi nikijua nitakuambia hapana bila haya. Basi, usiniombe msamaha kila barua, utanichosha.

Jofrey alifika Jumamosi ileile mchana. Alikuwa ameondoka Igawa alfajiri. Alinifuata hospitali, hakusema kitu juu yako. Jioni nikamwambia, mianzi haijakatwa tangu asubuhi, keshokutwa itakuwa imekauka, sasa umepata ulichotaka. Akanitazama. Akachukua kisu changu mezani akatoka. Tangu siku hiyo anakata asubuhi na jioni. Anakata vibaya, ananyofoa kipande kikubwa kama mtu anayemenya muhogo, nasimama nyuma yake nagomba. Lakini ulanzi unadondoka.

(Dada, ni kweli nakata vibaya. Ujumbe wako niliusoma Ijumaa mchana nikaiweka simu mfukoni, nikasema acha asubiri kidogo naye aonje. Ningeondoka saa ile ningefika kabla ya chupa kupasuka. Hili baba hajanituma kuliandika, na nimemwambia leo. Ameniambia tu mbeta ya mwisho imejaa, nikaimimine.)

Mianzi haing'olewi mwaka huu. Parachichi zitapandwa kule kwenye kishamba cha viazi, mahali panatosha, kaka yako hakuwahi kutembea mpaka kule akaona. Ulanzi haufiki Dodoma, na mimi sijauomba ufike. Anayeutaka aje ausikie ukidondoka, kama hao wageni wa huko.

Mimi nimejiwekea mwanzi mmoja, ule aliopanda marehemu mama yako kisimani. Nakata kwa mkono wa kushoto. Jana nilikata mara nne ndipo nikapata ncha moja, na mbeta haikufika hata robo. Tumeinywa leo watatu, mimi, kaka yako na Mwalimu Bertha.

Njoo. Mlango wa chumba chako uko wazi, vioo tumefagia, ila vaa viatu ukiingia.

Baba yako,
Liberatus

(Hapo amesaini mwenyewe, kwa kushoto. Ndiyo maana imekaa hivyo. J.)