Rangi Halisi ya Kiwandani

Evodia, usicheke. NAKUOMBA USICHEKE.

Niko Nzuguni kwenye maonyesho ya magari ya zamani ya Kiingereza. Mzee Yotham kaja na Land Rover yake ya mwaka 58 kutoka Gulwe.

Mimi na mdomo wangu nikaanza kuwaelimisha watu. Nikasema hii rangi ni ya kiwandani, haijaguswa tangu itoke Uingereza.

HAIJAGUSWA, Evodia!!

Nikalaza na shavu mlangoni wanipige picha.

Mzee akaja mbio: "We kijana, umeniharibia! Huo mlango nimeupaka hapahapa asubuhi hii, rangi iliyobaki kwenye madirisha ya kanisa!"

Nimesugua kwa mafuta ya taa wee. Nusu uso bado kijani.

Na sasa kipaza sauti kinaniita mbele. Jaji wa rangi ni mimi.